Ng'ambo ya Mpungate

Kata iligonga mdomo wa mtungi, mara moja tu, kisha ikatulia. Alfajiri ilikuwa bado haijaamua kama itakuja. Nililala nikisikiliza maji yakimiminwa polepole, mmiminaji akijitahidi yasitoe sauti, kama mtu anayemfunika mtoto shuka asije akamwamsha. Alikuwa Sechelela, jirani yangu. Tangu vidole vyangu vijae miiba nikashindwa kubeba ndoo, amekuwa akiingia katika tembe langu kila siku kabla ya mwanga, anajaza mtungi, anaondoka. Hajawahi kulisema jambo hilo, nami sijawahi kulisema. Ziko fadhila ambazo ukizitaja zinaona haya, zinahama.

Siku ile hakuondoka.

"Mama Nyemo, uko macho?"

"Nimelala."

"Aliyelala hajibu."

"Mimi mzee. Wazee tunajibu hata usingizini."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanishika mguu juu ya shuka. Aliponishika mguu nilijua kwamba habari si nzuri, maana Sechelela hushika mkono kwa mazuri.

"Nimepita uzioni," akasema. "Nimeinama, nimepapasa kila mahali. Hakuna tunda."

"Hata leo."

"Hata leo. Hii ni siku ya saba."

Nikakaa. Nikatafuta kanga yangu gizani, nikaifunga. Kama mwanangu alikuwa amekufa, nilitaka kulijua hilo nikiwa nimesimama.

Uzio wetu umeanzia upande linakotoka jua na kuishia upande linakozama, na hakuna aliyewahi kuona ncha zake. Umepita mapaa ya matembe kwa urefu. Upana wake haujulikani: mwenye kuutazama kwa hasira huuona mwendo wa siku nzima, na mwenye kuutazama kwa hamu huuona kama hatua kumi. Wote ni mpungate, ule mmea wa miiba unaoota mabapa manene, na mpungate huo wote ni mmoja. Mimi ndiye niliyeupanda. Nilipanda bapa moja, la ukubwa wa kiganja cha mwanamume, nikiwa mke kijana, ili mbuzi wasiingie katika mtama wangu. Sikupanda tena. Yote haya yaliyosimama mbele ya macho yetu na kutufunikia upeo, yametoka katika kiganja kile.

Nimeishi nao miaka mingi na bado sijamaliza kuushangaa. Watu husema mpungate hauna majani. Unayo, lakini kwa siku chache. Bapa likiwa changa, laini kama kiganja cha mtoto aliyezaliwa leo, huota majani madogo ya kijani, kila moja kama punje ya mchele. Hayadumu. Yanaanguka, na kila lilipoanguka linabaki doa. Hapo ndipo moyo wangu husimama. Doa hilo moja, dogo kama jicho la kuku, linaweza kutoa mwiba mrefu wa manjano. Linaweza kutoa miiba midogo mia, laini kama manyoya, ile isiyoonekana mpaka iwe imekwisha kuingia katika ngozi yako. Linaweza kutoa bapa jipya. Linaweza kutoa ua. Na bapa likianguka, doa lile lile likilala juu ya udongo, linatoa mzizi. Ni doa moja. Mwanzoni yote yanafanana. Nimeyatazama mengi, asubuhi baada ya asubuhi, nikijaribu kujua lipi litachoma na lipi litachanua, wala sijawahi kupatia.

Basi nauliza, na ninauliza tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Ni nini kinachoamua? Ni jua? Ni mkono unaoligusa? Au doa lenyewe limeketi ndani ya ngozi yake likiwaza, kama mimi ninavyoketi, nikiwaza kwa nini siku moja katika maisha yangu kinywa changu, ambacho kimebembeleza watoto wa kijiji kizima, kilitoa mwiba.

Nyemo ni mwanangu wa pekee. Alimpenda mwanamume wa ng'ambo. Wakati huo uzio ulikuwa hatua tatu, na ulikuwa na pengo la kupitishia mbuzi. Alisimama penye pengo akiwa na kikapu chake kichwani, akaniambia, "Mama, naenda." Nami nikamwambia, "Ukivuka hapo, wewe si bapa langu tena." Alivuka akishika kikapu kwa mikono miwili ili kisigonge mabapa ya mlezi wake. Nasema mlezi kwa sababu mpungate ndio uliolinda mtama uliomkuza.

Baada ya hapo mbiu ikalia.

Sisi tunaye Mkubwa, ambaye hatujawahi kumwona. Tunamsikia kwa pembe ya Mzee Ndahani, mpiga mbiu, anayepita kati ya nyumba na kutangaza alichoambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu. Mbiu ilisema: uzio umezidi, ukatwe. Tukatoka na mapanga, tukakata. Na kwetu kuna adabu ya kilimo ambayo kila mtoto huijua kabla ya kujua jina la babu yake: ulichokifyeka shambani hukichomi, hukiziki. Unakitupa nje ya uzio. Kuchoma ni kuita ukame, na kuzika ni kuita msiba. Basi tulikata mabapa, tukayatupa ng'ambo. Na watu wa ng'ambo, ambao zamani tuliteka nao maji katika kisima kimoja, nao walikuwa na adabu hiyo hiyo. Walikata upande wao, wakatupa kwetu.

Kila bapa lililoanguka liliota.

Tulikata tena. Likaota tena, mara kumi. Kadiri tulivyozidi kuwa hodari ndivyo uzio ulivyozidi kunenepa, na kila msimu Mzee Ndahani alitusomea shukrani za Mkubwa kwa wingi wa tulivyovikata. Tukaanza kuwaita wale "hao". Hao wanatutupia miiba. Hao hawalali. Mimi nami nilikata, nami nilitupa. Kila nilipotupa nilisema moyoni, hili lisimwangukie Nyemo.

Kisha asubuhi moja, tunda lilianguka uani kwangu.

Lilikuwa pungate lililoiva, jekundu la kuelekea zambarau, na lilikuwa safi. Anayejua mapungate anajua uzito wa neno hilo. Tunda la mpungate limevaa manyoya ya miiba. Ukilishika hivi hivi utalia siku tatu. Ni lazima ulibingirishe mchangani kwa kifungu cha nyasi, taratibu, upande huu na upande huu, mpaka ling'ae. Kisha unakata ncha mbili, unachana ganda mara moja kwa urefu, linafunguka kama shati. Watu wengi huchana mara mbili. Anayechana mara moja ni mimi, na niliyemfundisha ni mmoja.

Sikulila siku ile. Nililiweka juu ya kinu nikalitazama mpaka jioni. Usiniulize ni mkono gani unaoweza kurusha tunda juu ya uzio kama ule. Nililiokota, sikuichunguza safari yake. Tangu hapo lilikuja moja kila asubuhi, bila salamu, bila neno, miaka yote. Halafu siku saba bila kitu.

"Nitavuka," nikamwambia Sechelela.

"Hakuna aliyevuka."

"Hakuna aliyevuka kwa panga. Mimi sitakata."

Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na mti wa panda, ule wenye ncha mbili tunaotumia kuinulia mabapa tunapochuma matunda. "Basi usikate," akasema. "Nitainua, upite chini kama kuku."

Njiani tulikutana na Mzee Ndahani, pembe begani, akielekea kutangaza.

"Mnaenda kukata?"

"Tunaenda kuchungulia," Sechelela akasema.

"Mbiu haikusema kuchungulia."

"Ilikataza?"

Mzee Ndahani akafikiri. Ni mtu aliyesema maneno ya wengine miaka arobaini, na ukimuuliza lake anahangaika kama mtu anayetafuta ufunguo katika koti la kuazima. "Haikukataza," akasema mwishoni. Kisha akatazama mgongo wangu, kanga yangu nyepesi, akavua ile ngozi ya mbuzi anayoivaa wakati wa baridi, akanifunika nayo mabegani. "Mimi sijawaona."

"Na hii ngozi nimepewa na nani?"

"Umeiokota. Una bahati, wewe mama." Akaenda zake, mabega wazi, mwembamba kuliko nilivyodhani.

Nilijua pa kuingilia. Mabapa machanga yana miiba, lakini mpungate ukizeeka, shina lake la chini huacha kuwa bapa. Hujaa, huwa la mviringo, hufanya gamba la kijivu kama gamba la mti, na miiba yake mingi hupukutika. Penye uzee wake ndipo penye njia. Nilihitaji tu kulifikia lile shina la kwanza, nilijue kati ya maelfu, na nililijua. Mama hapotezi mtoto wake sokoni.

Lakini kabla sijainama, jua lilitoka, na ua likafunguka usoni pangu.

Lilikuwa limekaa juu ya utosi wa tunda bichi, maana mpungate huanza tunda na ua kwa pamoja, huyu akimbeba yule. La manjano, jembamba kama karatasi iliyolowa mafuta ya taa. Linaishi siku moja. Kesho linageuka rangi ya chungwa na kujifunga. Nyuki akaja, akaingia katikati penye nyuzi nyingi za unga wa manjano. Alipozigusa tu, nyuzi zile zote zikainama kwa pamoja kuelekea katikati, polepole, zikamfunika. Mmea, nasema. Kitu kisicho na mfupa wala moyo wa kupiga. Uligeuka ukamkumbatia mgeni. Nilichukua unyasi nikagusa ua jingine, nalo likafanya vile vile, likaukumbatia unyasi wangu mkavu usio na faida. Nikamwonyesha Sechelela. Alivua kilemba chake kichwani, kama mtu aliyeingia penye maombi.

"Siku zote tumekuwa tukikata kitu hiki," akasema baadaye.

"Siku zote."

Alichomeka ile panda chini ya mabapa makubwa, akainua. Mdomo wa giza ukafunguka.

"Nitashika," akasema. "Lakini nina miaka sitini na tisa, usikae ukasukwa nywele huko."

"Na mikono yako?"

"Mikono yangu ni shauri langu. Pita."

Nikapita chini kama kuku.

Ndani. Kimya. Kijani juu, kijivu chini. Mabapa yamebebana, bapa juu ya bapa, mtoto kichwani kwa mama, mjukuu kichwani kwa mtoto, mpaka juu kabisa ambako mwanga umekaa kama maji katika bakuli. Nikatambaa. Hewa ilikuwa baridi na yenye uchachu, na nikakumbuka kwamba ukilamba bapa asubuhi ni kali kama ndimu, na ukililamba jioni ukali umekwisha. Wazee husema mpungate huvuta pumzi sisi tukiwa tumelala. Mchana hufunga kinywa chake usipoteze maji, na usiku hufungua. Kwa hiyo nilikuwa natambaa ndani ya pumzi yake ya jana. Pumzi iliyovutwa wakati wote tumelala, sisi na hao, pande mbili, vinywa wazi, bila kugombana.

Juu ya mashina kulikuwa na vidonge vyeupe kama pamba. Nikagusa kimoja kwa bahati mbaya, kikapasuka, kidole changu kikawa chekundu. Damu, nikawaza, uzio unatoka damu, nasi ndio tulioujeruhi. Nikafuta mkono kwenye udongo. Ni wadudu wadogo tu wanaoishi kwa kuufyonza, wamejifunika pamba yao, na ndani wamejaa rangi hiyo. Lakini wekundu haukutoka. Nikaendelea kutambaa nikiwa na kidole chekundu mbele yangu kama taa.

Mimi ni nani humu? Nilimzaa Nyemo, nami nilizaliwa, na aliyenizaa alizaliwa. Bapa juu ya bapa. Ukiuliza mpungate ni upi hapa ulio mama, utaonyeshwa nini? Kila kipande ni mzima. Kila kipande ni yule yule wa kwanza. Ukikata hupati viwili, unapata mmoja aliyesimama mahali pawili.

Nikafika penye shina la kwanza. Lilikuwa nene kuliko mtungi, lina mikunjo, na kando yake palikuwa wazi, ukubwa wa mkeka mmoja. Mwanga uliingia hapo, na msichana alikuwa amepiga magoti na jembe la mkono. Nikageuka kulitazama shina, halikuwapo tena. Palikuwa na shimo dogo, udongo mwekundu uliofukuliwa sasa hivi, na msichana ameshika bapa moja mkononi, pale lilipokatwa kidonda kibichi, kinavuja ute.

"Shikamoo, bibi," akasema bila kushangaa.

"Marahaba, mwanangu."

Nilimjua kwa namna alivyokaa, mguu wa kushoto umekunjwa chini, kama ninavyokaa mimi mpaka leo. Alikuwa mrembo, nami wakati ule sikuwa najijua. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana.

"Bibi, hivi ndivyo linavyopandwa? Mimi sijui. Mume wangu naye hajui, anajifanya anajua."

Nikatazama kile kidonda kibichi. Bapa likizikwa na kidonda kibichi linaoza. Siku tano, linakuwa uji. Nilihitaji tu kusema, "Ndiyo, hivyo hivyo." Neno moja. Lingeoza, asingepanda tena, na uzio usingekuwapo. Kisima kingebaki kimoja. Nyemo angekwenda ng'ambo bila ng'ambo kuwapo. Sijawahi kushika uwezo mkubwa kiasi hicho, na ulikuwa mwepesi, ulitosha kinywani kama punje. Kama huo ndio anaoamka nao Mkubwa wetu kila siku, basi namhurumia.

"Unalipanda kwa nini?" nikamuuliza.

"Mbuzi, bibi. Miaka miwili wamekula mtama wote. Nikikosa na mwaka huu," akaweka mkono tumboni, "huyu atanyonya nini?"

Nilikuwa nimeisahau njaa ile. Niliukumbuka uzio, nikasahau njaa.

"Usilizike leo," nikasema. "Liweke kivulini siku kumi, kidonda kikauke, kifanye ngozi. Kisha lizike nusu, nusu libaki nje. Usilimwagilie sana."

"Ahsante, bibi."

"Na likikua ukalikata, usilitupe ng'ambo."

Akacheka kidogo, kwa heshima. "Sasa nitalitupa wapi, bibi? Si kila mtu hutupa nje?"

"Likaushe juani juu ya jiwe, mpaka liwe kama ngozi kavu. Ndipo haliwezi kuota."

Akaitikia kwa kichwa, kama vijana wanavyowaitikia wazee, yaani kwa upole na bila kusikia. Na hapo nikakumbuka. Siku ile, kweli, bibi mmoja alipita. Alikuwa na ngozi ya mbuzi mabegani na kidole chekundu. Alinifundisha kukausha kidonda, nikashika. Alisema na jambo la pili, nami nilikuwa nawaza mambo ya chakula cha jioni.

Nikamshika shavu. Sikumlaumu. Nikapita.

Sehemu ya mwisho mabapa yalikuwa machanga na yamesongamana. Ngozi ya Mzee Ndahani ilinihifadhi mgongo, lakini nilipoinua uso kuutafuta mwanga, yale manyoya ya miiba yakanimwagikia, na macho yote mawili yakawaka moto. Nikatoka upande wa pili kwa magoti, sioni, machozi yakinitiririka, mikono mbele. Nikasikia kifungu cha nyasi kikisugua mchanga. Kikaacha kusugua.

"Usijifikiche," sauti ikasema. Sauti ya kizee, ya ajuza. "Tulia. Ukijifikicha unaipeleka ndani."

Mikono miwili mikavu ikanishika kichwa, ikakilaza pajani. Kidole kikainua kope. Kisha ncha ya ulimi, ya moto, laini, ikapita juu ya mboni yangu, mara moja, mara mbili, ikatoa unyoya, ikatema. Ikarudi. Hivyo ndivyo mama anavyomtoa mtoto wake mwiba wa jichoni. Hakuna mtu mwingine anayefanya hivyo kwa mtu mwingine. Mimi mama yangu alikufa nikiwa na meno ya utotoni.

"Mama?" nikasema.

Ajuza akacheka kwa pua. "Mama ni wewe. Leta jicho la pili."

Mtu mmoja tu hucheka vile.

Nilipofumbua macho niliona nywele nyeupe, zote, na kinywa kisicho na meno, na mikunjo iliyoingia ndani ya mikunjo. Alikuwa mzee kuliko mimi kwa miaka ishirini. Mbele yake palikuwa na mchanga, na matunda, na kifungu cha nyasi.

"Nyemo."

"Abee, mama." Akajibu kama alivyokuwa akijibu akiwa na miaka sita. Kisha akanitazama, akanigusa uso. "Ulivyo mdogo. Nilisahau kwamba ulikuwa mdogo hivi."

"Nilidhani umekufa. Siku saba tunda halikuja."

"Siku saba?" Akatikisa kichwa. "Huku siku zinakimbia, mama. Zamani tulikwenda sawa. Kila mlipokata na sisi tukakata, uzio ukanenepa, na kila uliponenepa siku za huku zikazidi kukimbia. Katika hizo siku zako saba nimezika mume, nimepokea wajukuu, na mjukuu wa kwanza ameoa." Akainua mkono wa kulia, ukaishia usawa wa bega. "Matunda nasugua kila asubuhi. Ni mkono. Haufiki tena. Narusha, linaanguka katikati."

Nikaushika mkono ule. Nikaubusu kiganjani, penye makovu madogo madogo, kila kovu asubuhi moja yangu.

"Kwa nini mnatutupia miiba?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza kwa nini mvua hunyesha.

"Sisi? Tunasafisha mashamba tu. Ninyi ndio mnaotutupia."

"Tunasafisha mashamba tu."

Tukatazamana. Alikuwa wa kwanza kucheka kwa pua, kisha mimi, kisha kicheko kikageuka, tukakaa tumeshikana mpaka kikapita.

"Nilikuambia neno, siku ile," nikasema.

"Uliniambia."

"Sijawahi kulala nalo vizuri."

"Mimi nililichukua, nikalipanda."

"Likaota nini?"

Akafikiri. "Mwaka wa kwanza, miiba. Miiba mirefu, mama, sikufichi. Baada ya hapo sijui. Niliacha kulitazama. Nilikuwa na kazi ya kusugua matunda."

Mbele yetu uzio ulikuwa umechanua wote, upande wake wote, manjano kutoka huku mpaka kule, na nyuki wakiingia na kukumbatiwa, wakitoka na kuingia tena. Sikuwahi kuuona kutoka huku. Kutoka huku ulikuwa mmea ambao sijawahi kukutana nao, na ulikuwa wangu.

Ndipo mkono wa Nyemo ukakaza juu ya wangu. Alikuwa akitazama pengo nililotokea. Kule mwisho wake mabapa yaliyoinuliwa yalikuwa yanashuka kidogo, yanainuka, yanashuka.

"Nani ameshika upande ule?"

"Sechelela."

"Mama Sechelela? Yuko hai?"

"Nimemwacha sasa hivi. Ameniambia nisikae nikasukwa nywele."

Nyemo alitabasamu, na akaanza kunifunga vizuri ngozi mabegani, akiivuta ifike mpaka shingoni, kama anayemwandaa mtoto kwa safari ya baridi. Vidole vyake havikuweza kufunga fundo. Nikalifunga mwenyewe, polepole, ili asione kwamba nimemsaidia.

"Nitawaambia waache kutupa," nikasema. "Watakausha juu ya mawe. Nitamkamata Mzee Ndahani atangaze, hata kama hajaambiwa."

"Waambie. Na mimi nitawaambia wa huku, wakinisikia." Aliuchunguza uso wangu kana kwamba anaupima. "Lakini maneno yanachukua muda, mama, na mimi sina muda huo. Ukilala usiku mmoja huko kwako, hutanikuta."

Nikapiga magoti penye pengo. Mabapa yalitetemeka juu yangu. Nyuma yangu akainama karibu na sikio langu, mzee huyu, mtoto huyu, pumzi yake ikinuka matunda.

"Ukifika mlangoni kwako usiingie ndani," akasema. "Wape maneno hayo ukiwa umesimama, kisha geuka hapo hapo, mama, uje tena."